Spana Moja

Kati ya Lodwar, kando ya Turkwel, na Kakuma, kando ya Tarach, kuna barabara ya kilomita 120 hivi. Baba yangu aliipita barabara hiyo kwa zaidi ya miaka thelathini, kwanza nyuma ya lori juu ya mabomba, mwishowe kwa boda boda ya kijana mmoja aliyekataa katakata kumtoza nauli. Wiki hii umetimia mwaka tangu tumzike. Nimeomba muda huu wa mazungumzo nimkumbuke hewani, kwa kuwa nina jambo la kusema juu yake, na naamini linawagusa akina baba wengi wa Turkana ambao maisha yao hayakuandikwa popote.

Siku ya mazishi, wasemaji watatu walitumia methali ile ile: mti mkuu ukianguka, wana wa ndege huyumba. Niliwashukuru, maana walisema kwa uchungu. Lakini mwaka mzima nimekuwa nikiigeuzageuza methali hiyo moyoni, na nimeona haimfai baba. Mti alikuwa, tena wenye kivuli kipana. Ila maisha yake yote aliwafunza wana wa ndege kuruka, ili siku atakapoanguka wasiyumbe. Hilo ndilo ninalotaka kulieleza.

Kitambulisho chake kilisema alizaliwa tarehe 1 Januari 1952. Wazee wengi wa kwetu wamezaliwa siku hiyo hiyo, kwa sababu karani alitaka tarehe, na mama mzazi alikumbuka mvua na njaa, hakukumbuka kalenda. Enzi hizo Turkana ilikuwa wilaya iliyofungwa. Serikali ya kikoloni haikumruhusu mgeni kuingia bila kibali, na ilipotafuta mahali pa mbali pa kumweka Jomo Kenyatta ilimleta huku: Lokitaung kwanza, kisha Lodwar kuanzia 1959 hadi 1961. Mwaka huo wa 1961 ukame ulikuwa umeangamiza mifugo, kambi za chakula zikafunguliwa, na mapadri wa Shirika la Mtakatifu Patrick kutoka Ayalandi wakaingia Lodwar kusaidia wenye njaa. Baba alifika hapo akiwa mtoto, ameshikwa mkono na nyanya yake. Boma lao halikuwa limebakiza hata mbuzi mmoja.

Alipotusimulia habari za imani yake, hakuanza na ubatizo. Alianza na kikombe cha uji. Alisema alimjua Kristo kwanza tumboni, halafu masikioni, na mwisho moyoni, na kwamba mtu asiyeelewa mpangilio huo asije akawahubiria watu wa Turkana. Shule ya misheni ikampa kusoma na kuandika. Mwaka 1968 Roma iliifanya Turkana eneo la kanisa linalojitegemea, chini ya Monsinyori John Mahon, na mwaka 1978 Lodwar ikawa dayosisi, Mahon akiwa askofu wake wa kwanza hadi mwaka 2000. Baba alikua pamoja na kanisa hilo. Alikuwa katekista kabla hajaota ndevu za kutosha kuitwa mzee, akiongoza ibada ya neno Jumapili ambazo padri hakuweza kukifikia kigango.

Ila ukatekista haukumlisha mtu. Kazi iliyomlisha yeye na kutulisha sisi ilikuwa maji.

Msikilizaji wa mjini, uliyezoea kufungua bomba, nivumilie kidogo. Huku kwetu laga, yaani mto wa msimu, ikikauka, maji hayaondoki. Yanashuka chini ya mchanga. Akina mama na wasichana huchimba kuyafuata. Kisima cha mchanga kikienda kina, huwa wanapangana ndani yake, mmoja juu ya mwingine, wakipokezana karai kutoka chini hadi juu, huku wakiimba ili mikono iende pamoja. Ni jambo la kupendeza kulitazama, na ni jambo la kutisha, kwa sababu mchanga hauna urafiki na mtu. Dada mkubwa wa baba alifukiwa ndani ya kisima cha namna hiyo. Baba alituambia habari hiyo mara moja tu, jioni moja, na hakuirudia. Ila baada ya kuisikia niliacha kumuuliza kwa nini alichagua kazi aliyoichagua.

Alianza kama kibarua wa kubeba mabomba kwenye kikosi cha kuchimba visima. Ikaja ile njaa ya 1979 hadi 1981 ambayo wazee wanaiita Lopiar, yaani iliyofagia, kwa kuwa ilifagia kila kitu. Watu walihamia barabarani na kwenye vituo vya chakula, na palipo na watu wengi pasipo na maji safi kipindupindu hakibishi hodi. Visima vingi vikachimbwa miaka hiyo na pampu za mkono zikafungwa. Na hapo baba akaona aibu moja ambayo ilimkera maisha yake yote: pampu ilifungwa kwa sherehe na maombi, ikafanya kazi miezi kadhaa, ikaharibika, ikabaki imesimama kama msalaba juu ya kaburi. Fundi alikuwa Lodwar, gari la fundi lilikuwa Kitale likitengenezwa, na akina mama walikuwa wamerudi kwenye mchanga.

Katikati ya miaka ya 1980 alipelekwa Kwale, kule pwani, kujifunza pampu mpya. Hiyo ndiyo pampu ya Afridev, ambayo ilifanyiwa majaribio mengi huko Kwale. Ilibuniwa kwa lengo moja: kwamba wanakijiji wenyewe waweze kuifungua na kuirekebisha. Katika mradi huo shirika la KWAHO lilikuwa likiwafunza akina mama wa vijijini kuzitunza pampu zao. Baba, mchungaji wa mbuzi kutoka Turkana, aliiona bahari kwa mara ya kwanza, lakini aliporudi hakutuletea habari za bahari. Alituletea habari za mama mmoja wa Kidigo, mwenye leso kiunoni, aliyeifungua pampu, akatoa vyuma vyote, akabadilisha mpira, akairudisha, na maji yakatoka kabla chai haijapoa. Kwa spana moja tu.

Nataka uione kazi hiyo kama nilivyoiona mimi nikiwa mtoto, nimechuchumaa kwenye kivuli cha ewoi, ule mgunga wetu. Unafungua kifuniko cha kichwa cha pampu. Unautoa mkono wa pampu. Halafu unaanza kuvuta vyuma vyembamba vilivyoshuka kisimani, kila kimoja cha urefu wa karibu mita 3, vimeunganishwa kwa ndoano na pete, vinatoka kimoja baada ya kingine vikidondosha maji. Bomba lenyewe huligusi; linabaki ardhini. Mwisho kabisa kunatoka pistoni, na juu yake kuna mpira wenye umbo la kikombe, mdogo hata unaenea kiganjani. Mpira huo ndio huliwa na mchanga. Baba alikuwa akiushika kati ya kidole gumba na cha shahada, anauinua juani, anautazama kama padri anavyoitazama hostia, kisha anatuonyesha mahali ulipolika. Kitu kidogo namna hiyo kilikuwa kinawarudisha watu mia tatu kwenye laga.

Baada ya safari ya Kwale, baba alibadilisha namna yake ya kufanya kazi. Alikataa kurekebisha pampu akiwa peke yake. Akifika mahali, aliketi kwenye ekicholong chake, kile kigoda chetu cha mti ambacho mwanamume hulalia kichwa usiku na kukalia mchana, akasubiri mpaka akina mama wawili watatu waje. Kisha akawapa spana. Yeye alisema tu, wao walifanya. Kazi ya saa moja ikachukua siku nzima. Wazee walinung'unika chini ya mti wao: chuma ni cha wanaume, mwanamke ataharibu. Baba aliwajibu kwa heshima, akiwauliza swali moja: pampu ikikatika usiku, ni nani atakayeamka kwenda lagani? Hakuna mzee aliyejibu. Na alipoondoka, aliiacha spana. Hakuirudisha Lodwar. Akaenda kuomba nyingine, akasemwa na mkubwa wake kwa kupoteza vifaa, na safari iliyofuata akaiacha tena.

Mwaka 1992 kazi ikamhamishia Kakuma. Mtakumbuka, mliokuwapo: maelfu ya wavulana kutoka Sudan, waliokuwa wamekimbilia Ethiopia, wakafukuzwa na vita vya huko, wakatembea hadi Lokichoggio na kuletwa Kakuma. Kambi ikaanzishwa. Leo kambi hiyo na makazi jirani ya Kalobeyei vina karibu watu 300,000, kutoka Sudan Kusini, Somalia, Kongo, Burundi na kwingineko. Lakini mwaka ule wenyeji nao walikuwa katika ukame. Mtu wa Turkana aliyepoteza mbuzi wake alimtazama mgeni akipimiwa unga, na mgeni alimtazama mwenyeji akimkataza kukata kuni. Na katikati yao palikuwa na laga moja, Tarach, na maji yaliyo chini yake.

Hapo ndipo nilipoona kwamba imani ya baba na spana yake vilikuwa kitu kimoja. Kuna sura aliyoipenda kuliko zote katika Biblia, ya 26 katika kitabu cha Mwanzo. Ni habari za Isaka. Ibrahimu amekufa, na Wafilisti wamevifukia visima vyake kwa udongo. Isaka anavichimbua upya, na anavipa majina yale yale aliyovipa baba yake. Kisha watumishi wake wanachimba kisima kingine, wachungaji wa Gerari wanakigombania. Isaka hapigani, anachimba cha pili. Nacho kinagombaniwa. Anasogea, anachimba cha tatu, na hicho hakuna anayekigombania, naye anakiita Rehobothi, jina la nafasi ya kutosha. Baba aliifundisha sura hiyo mara nyingi mno kiasi kwamba sisi watoto tuliikariri kwa Kiturkana na kwa Kiswahili. Wenyeji aliwaambia: ninyi ni wachungaji wa Gerari, msiwe na roho ile. Wakimbizi aliwaambia: ninyi ni Isaka, jueni kusogea. Kisha jioni aliwageuzia maneno, wenyeji wakawa Isaka na wageni wakawa Gerari. Hakuna aliyeondoka mahubirini akiwa amesifiwa.

Kijana mmoja kati ya wale waliofika kwa miguu alimfuata baba kama kivuli. Alimbebea mabomba, akajifunza Kiswahili kwake, akamfundisha baba maneno ya Kiarabu cha Juba. Alimwita Baba. Niseme kweli, jambo hilo liliniuma. Mimi nilikuwa na baba aliyekuwa nyumbani siku nne kwa mwezi, na hapa palikuwa na mtu mwingine anayeshinda naye siku ishirini na sita. Mama ndiye aliyetulea siku hizo zote, akisuka vikapu vya majani ya mkoma na kuviuza kambini kwa unga na mafuta. Siku moja nikiwa na umri wa miaka kumi na nne nilimwambia baba usoni kwamba pampu zake anazipenda kuliko sisi. Hakunipiga. Alinyamaza, na safari iliyofuata akanichukua. Nadhani hilo lilikuwa jibu lake. Kijana yule alikwenda Marekani mwaka 2001, pamoja na wenzake wengi waliopelekwa huko miaka hiyo, na mimi nikarithi nafasi ya kubeba mabomba wakati wa likizo.

Na zile siku nne za nyumbani, msikilizaji, zilikuwa siku kweli. Alikwenda lagani pamoja na mama, jambo ambalo wanaume wa rika lake walilicheka, akibeba mtungi wake mwenyewe. Usiku tulisali kwa zamu, mdogo kuliko wote akianza, na hakumkatiza mtoto hata alipomwombea mbuzi mmoja mmoja kwa jina. Mahari ya mama aliimaliza kulipa wakati mimi nikiwa tayari darasa la sita, kwa sababu Lopiar ilikuwa imemfilisi. Aliimaliza hata hivyo, mnyama mmoja baada ya mwingine, wakati ambapo hakuna mtu aliyekuwa akimdai tena. Kisha wakafunga ndoa kanisani, na sisi watoto tukawa wasindikizaji.

Mradi wake wa mwisho ulifungwa ghafla, na mwajiri, ambaye sina haja ya kumtaja, hakumlipa mishahara ya miezi mitano. Nilitaka tushtaki. Baba aliandika barua tatu za heshima, akasubiri, kisha akaendelea kutengeneza pampu bila mshahara. Pampu, alisema, haijui mradi umeisha. Mwaka 2013 redio ilipotangaza kwamba hifadhi kubwa ya maji imegunduliwa chini ya ardhi ya Lotikipi, tuliokuwa tukisikiliza naye tulipiga makofi. Yeye aliuliza swali moja: ni maji matamu au ni ya chumvi? Alikuwa ameonja maji ya Turkana kwa ulimi wake kwa miaka mingi, akijua kwamba ardhi yetu huficha chumvi. Baadaye vipimo vya Lotikipi vilionyesha chumvi nyingi. Hakufurahi kuwa alisema kweli. Alihuzunika siku nzima.

Alifariki Lodwar, asubuhi, mama akiwa amemshika mkono. Tulimzika Kakuma, tukaweka mawe juu ya kaburi na msalaba. Kwetu kila mwanamume ni wa kundi la Mawe au la Chui, na mwana hawi kundi moja na baba yake. Baba alikuwa Jiwe, mimi ni Chui, na mwanangu ni Jiwe. Kwa hiyo tulipopanga yale mawe, mwanangu wa miaka tisa aliniambia kwamba babu amefunikwa na watu wake. Nilishindwa kumjibu.

Sasa sikiliza lililotokea miezi miwili baadaye. Pampu ya kijiji cha mama yangu ilikatika. Siku hizi visima vingi vina pampu za jua, lakini kile bado ni cha mkono. Nilikuwa likizo, nikajiona mrithi, nikaichukua spana iliyokuwa kwa bibi mmoja mzee ambaye baba alimfunza zamani. Bibi huyo aliniacha nihangaike kwanza. Kisha akanisogeza kwa kiwiko, akaniambia nianze na kifuniko, na nikikifungua nikigeuze nitazame kwa ndani.

Nilikigeuza. Ndani ya chuma, mahali ambapo jua halifiki, palichongwa kwa msumari msalaba mdogo, na namba 11. Vyuma kumi na moja. Ndiyo idadi ya vyuma vilivyomo kisimani, ili atakayekuja kuvuta ajue ni vingapi, asije akaacha kimoja chini. Na pembeni palikuwa na mwaka, 1988. Nilibeba mabomba na baba likizo nyingi nisione kamwe kwamba alikuwa akiandika. Lakini si hilo lililonitoa machozi. Chini ya mwandiko wa baba palikuwa na alama nyingine. Mistari, misalaba iliyopinda, nukta, ua moja. Nilizihesabu kumi na tisa. Kila aliyewahi kuifungua pampu ile kubadilisha mpira aliacha alama yake, wengi wao wakiwa akina mama wasiojua kusoma. Bibi akanionyesha zake: nne. Mara kumi na tisa pampu ile ilikufa ikafufuliwa, na baba hakuwapo hata mara moja, wala hakuitwa.

Ndiyo sababu nasema methali ile haikumfaa. Tunawasifu akina baba kwa jinsi tulivyowahitaji. Tunasema bila yeye tumekwisha. Mimi nimekuja kuamini kwamba baba mwema hupimwa kwa namna nyingine: kwa yale yanayoendelea bila yeye, yakiwa na mwandiko wake kwa ndani. Ibrahimu alichimba, Isaka akachimbua, na jina la kisima halikubadilika. Hicho ndicho ninachokiita urithi, hata kwa mtu ambaye alikufa bila ngamia na akiwa na madai ya mishahara ya miezi mitano.

Ndugu yangu unayenisikiliza, kama mzee wako angali hai, nenda kakae naye kwenye kigoda chake umuulize kisima chake kina vyuma vingapi. Usisubiri kusikia habari zake kwa wasemaji wa mazishi. Na wewe baba uliye safarini leo, dereva, mchungaji, askari, fundi, unayewaona watoto wako siku nne kwa mwezi: siku hizo nne zipe mikono yote miwili, na unapoondoka, acha spana.

Siku ile tuliporudisha kifuniko, maji yalitoka mekundu kwanza, kisha yakatakata. Kabla sijakifunga, nilimpa mwanangu msumari. Alifikiri kidogo, akachonga jiwe.